SOMO: Kupanga makala za tovuti kabla ya kuziandika, ili injini za utafutaji zizione

Nimeandika somo hili kwa sababu nimechoka kulijibu swali lile lile kila wiki: "Nimeandika makala arobaini, mbona Google hainioni?" Karibu kila mara nikifungua tovuti ya muulizaji nakuta Kiswahili kizuri na maarifa ya kweli, lakini pia nakuta makala zilizoandikwa kadiri mawazo yalivyomjia mwenyewe, bila yeye kujiuliza ni nani atakayezitafuta na kwa maneno gani. Kuanzia leo, atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Mifano yangu yote inatoka kwenye tovuti yangu inayohusu matengenezo ya cherehani, kwa kuwa ndiyo niliyoiharibu kwa mikono yangu na kuitengeneza tena.

Hatua ya 1. Chagua mada unayoijua kwa kuifanya, si kwa kuisoma tu.

Hatua ya 2. Kusanya maneno ambayo watafutaji wenyewe huyaandika. Anza kwenye kisanduku cha kutafutia: andika nusu ya swali, kisha nakili mapendekezo yanayojitokeza. Shuka chini ya matokeo ukasome maswali yanayofanana na hilo. Ikiwa tovuti yako ina umri wa miezi kadhaa, fungua Search Console, ambayo ni huduma ya bure ya Google, usome maneno ambayo tayari yanazionyesha kurasa zako. Wengi hushangaa hapo, maana hukuta wanatafutwa kwa maneno ambayo hawakuwahi kuyafikiria. Zingatia pia tahajia, kwa sababu wapo wanaoandika "cherehani" na wapo wanaoandika "charahani", nao wote wana cherehani iliyogoma. Ukitumia Google Trends, huduma ya Google inayoonyesha neno linavyotafutwa kadiri muda unavyokwenda, kumbuka kwamba ile namba ya 0 hadi 100 ni ya kulinganisha tu. 100 ni kilele cha kipindi ulichokichagua, si watu mia moja.

Hatua ya 3. Kabla ya kuandika neno lolote, litafute wewe mwenyewe na usome ukurasa wote wa kwanza wa matokeo. Ukikuta video na picha za hatua kwa hatua, watafutaji wanataka kuonyeshwa. Ukikuta ulinganisho wa mashine, wanataka kununua. Ukikuta maelezo mafupi, wanataka maana. Makala ndefu ya historia ya cherehani haitamfaa mtu ambaye uzi umemkatikia katikati ya gauni.

Hatua ya 4. Hitaji moja, ukurasa mmoja. Hapa ndipo nilipoharibu, na hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Nilipoanza, niliamini kwamba kila namna ya kuuliza inastahili makala yake. Nikaandika "Cherehani inaruka mishono", kisha "Kwa nini cherehani huruka mishono", kisha "Mishono inayoruka: sababu na tiba", hadi zikafika tisa. Zote zilisema mambo yale yale: badilisha sindano iliyopinda au iliyobutuka, hakikisha imeingia hadi mwisho, hakikisha ni ya aina inayofaa kitambaa chako, pitisha uzi upya. Nilipofungua Search Console na kubofya swali hilo moja, niliona kurasa zangu zikipokezana: wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na hakuna hata mmoja uliovuka kuingia ukurasa wa kwanza. Google ilikuwa na wagombea tisa wa nyumba moja, nami nilikuwa nimeugawa uzito wangu mafungu tisa.

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Siku nilipogundua hayo, nilikasirika nikafuta makala nane kwa jioni moja. Sikujua kwamba mojawapo, ile iliyokuwa na picha ya karibu inayoonyesha upande bapa wa shina la sindano unavyotakiwa kukaa, ilikuwa imeunganishwa na tovuti nyingine kadhaa. Viungo vyote hivyo vikawa vinaishia kwenye ujumbe wa 404, yaani ukurasa haupo. Ilinibidi nitafute nakala ya akiba, nihamishe picha na aya zake bora kwenye makala iliyobaki, kisha niweke uelekezaji wa kudumu, yaani ule wa msimbo 301, kutoka kwenye kila anwani ya zamani. Ukurasa ulichukua miezi kupanda, lakini ulipanda.

Kwa hiyo shika maonyo haya:

- Usifute ukurasa wowote kabla ya kuangalia ripoti ya viungo na ripoti ya mibofyo kwenye Search Console. Ukurasa unaoudharau unaweza kuwa ndio unaobeba wenzake.
- Usizielekeze anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Anwani ielekezwe kwenye ukurasa unaojibu jambo lile lile. Vinginevyo Google huweza kuihesabu kuwa haipo.
- Uelekezaji udumu angalau mwaka mmoja, na ukiweza uuache milele.
- Usijaribu kuuondoa ukurasa kwenye matokeo kwa kuufungia ndani ya robots.txt, faili linaloziambia roboti za Google zisiingie wapi, huku umeuwekea pia agizo la noindex, lile linalosema ukurasa usionyeshwe kwenye matokeo. Roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kulisoma agizo lililobandikwa ndani, na anwani yaweza kuendelea kuonekana.

Utajuaje kwamba maneno mawili ni hitaji moja? Yatafute yote mawili, kisha linganisha kurasa zinazotokea. Zikiwa karibu zote ni zile zile, ni hitaji moja. Zikitofautiana sana, ni mahitaji mawili hata kama maneno yanafanana. Na usidanganywe na chanzo cha tatizo. Uzi unapojikusanya chini ya kitambaa, mshonaji hudhani bobini ndiyo yenye kasoro, kumbe mara nyingi ni uzi wa juu haukupita kwenye visahani vya kuukaza, kwa sababu aliupitisha bila kuinua mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa. Mtu huyo hatatafuta "namna ya kupitisha uzi wa juu", kwa sababu hajui kwamba ndiko liliko tatizo. Atatafuta anachokiona: "uzi unajikusanya chini". Ukurasa wako ubebe jina la dalili, na ndani yake ndimo umwonyeshe chanzo.

Hatua ya 5. Weka yote kwenye jedwali: hitaji, maneno yake yote, aina ya ukurasa, anwani, na tarehe ya kuupitia tena. Safu tano zinatosha. Nimeona majedwali yenye safu ishirini ambayo hayakuwahi kuzaa makala hata moja.

Hatua ya 6. Andika mifupa ya makala: vichwa vidogo kwanza, jibu la msingi katika aya ya kwanza, kisha kile ambacho wenzako kwenye ukurasa wa kwanza hawanacho. Kwangu mimi kilikuwa ni picha nilizopiga mwenyewe sindano ikiwa mkononi.

Hatua ya 7. Kichwa cha ukurasa kiseme jambo lenyewe mwanzoni, kwa kuwa kikizidi upana hukatwa. Anwani iwe fupi, na maneno yake yatenganishwe kwa vistari. Maelezo mafupi ya ukurasa hayakupandishi daraja, lakini humshawishi msomaji abofye, ingawa mara nyingi Google huamua kuchukua sentensi nyingine ndani ya makala. Ile sehemu ya kujazia maneno muhimu kwenye msimbo wa ukurasa iacheni jamani. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo.

Hatua ya 8. Unganisha makala mpya na za zamani, na za zamani na mpya, kwa maneno yanayoeleza kilichopo upande wa pili. "Bofya hapa" haielezi kitu.

Hatua ya 9. Chapisha, subiri, pitia. Search Console hutunza takwimu za miezi 16, hivyo unaweza kulinganisha msimu na msimu wa mwaka uliopita badala ya kuhangaika na jana na juzi.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mkuu, neno muhimu lijirudie mara ngapi? Na makala ikiwa na maneno 2000 itapanda?

Jibu: Hakuna idadi ya marudio, na Google yenyewe imesema kwamba urefu wa makala si kigezo cha kupanga matokeo. Andika hadi hitaji liishe, kisha nyamaza.

Swali: Sijasoma yote, nina haraka kidogo. Nina makala sita zinazozungumzia kitu kimoja, nizifute?

Jibu: Hatua ya 4. Yote.

Swali: Mwalimu, nashukuru kwa somo. Tovuti yetu ina lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, na kila makala ina tafsiri yake. Je, hapo tunavunja kanuni ya hitaji moja, ukurasa mmoja? Nauliza kwa sababu mtu mmoja alitushauri tuonyeshe kwamba ukurasa wa Kiingereza ndio asili na wa Kiswahili ni nakala yake.

Jibu: Swali zuri, na nafurahi umeuliza kabla ya kuufuata ushauri huo. Hamvunji kanuni, kwa sababu anayetafuta kwa Kiswahili na anayetafuta kwa Kiingereza ni wasomaji wawili tofauti. Tafsiri kamili haihesabiwi kuwa nakala. Mkitangaza kwamba ukurasa wa Kiingereza ndio rasmi, yaani asili, mtakuwa mnaiambia Google iuweke kando ule wa Kiswahili, nanyi mtabaki mkijiuliza umepotelea wapi. Kila ukurasa ujitaje wenyewe kuwa rasmi, kisha muunganishe hizo mbili kwa alama ya hreflang, ile ya kwenye msimbo wa ukurasa inayotaja toleo la lugha nyingine. Alama hiyo lazima iwe ya pande mbili: wa Kiswahili umtaje wa Kiingereza, na wa Kiingereza umtaje wa Kiswahili. Upande mmoja ukikosekana, alama hupuuzwa. Jambo la mwisho: msitafsiri orodha ya maneno muhimu, ikusanyeni upya kwa kila lugha. Mzungumzaji wa Kiswahili haulizi kwa mpangilio wa Kiingereza, na maneno yaliyotafsiriwa mara nyingi hayatafutwi na mtu yeyote.

Swali: Haya yote ya nini wakati programu ya akili mnemba inaniandikia makala mia kwa siku? Naona unawatisha watu ili waonekane hawajui.

Jibu: Sijamtisha mtu, nimesimulia aibu yangu mwenyewe. Google haikatazi makala kwa sababu tu zimesaidiwa na mashine. Inachokikataza, katika sera yake ya Machi 2024, ni kuzalisha kurasa kwa wingi ili kuyateka matokeo bila kumfaa msomaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Mimi nilizalisha tisa kwa mkono na zikanikwamisha. Wewe utakuwa na mia kwa siku, na siku ya kuziunganisha usinitafute.

Swali: Nina ukurasa unaoonyeshwa mara nyingi sana lakini haubofywi. Nibadilishe kichwa?

Jibu: Usibadilishe kwanza. Fungua ukurasa huo kwenye ripoti, kisha tazama maneno yanayouonyesha pamoja na wastani wa nafasi yake. Ukiwa nafasi ya 30, hakuna kichwa kitakachokusaidia, kwa kuwa karibu hakuna anayefika huko. Ukiwa kati ya 5 na 10, hapo kichwa kina kazi. Sababu ya tatu ndiyo ninayoipenda: huenda unaonyeshwa kwa swali ambalo ukurasa wako umeligusa kwa sentensi moja tu. Makala yangu ya mishono ilikuwa ikionyeshwa kwa "sindano inakatika kila mara", jambo nililolitaja kwa kupita tu. Nikalilinganisha kwa njia ya hatua ya 4, nikaona matokeo ni tofauti kabisa, nikaliandikia ukurasa wake. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata mada mpya.

Muulizaji huyo huyo: Nimetazama. Ni nafasi ya 8, na maneno ni yale yale niliyoyakusudia.

Jibu: Basi sasa badilisha kichwa. Badilisha hicho tu, andika tarehe kwenye jedwali, na usiguse kingine kwa wiki kadhaa, la sivyo hutajua ni kipi kilichofanya kazi.

Mchango wa mwanachama: Niongeze kidokezo kwa wenye picha nyingi. Lipeni faili la picha jina linaloeleza kilichomo, badala ya lile la namba linalotoka kwenye kamera, na mjaze maelezo mbadala, yaani maneno yanayosimama badala ya picha isipoonekana, kwa sentensi ya kawaida. Tena kabla ya kuandika makala mpya, mimi huandika "site:" ikifuatiwa na anwani ya tovuti yangu na neno ninalolikusudia. Mara mbili nimekuta nilishaliandika na kulisahau.

Jibu: Ahsante sana, la pili lingeniokolea makala nane. Nyongeza ndogo: "site:" haionyeshi kurasa zako zote zilizosajiliwa na Google, hivyo usiitumie kuzihesabu. Ukitaka uhakika kuhusu ukurasa mmoja, bandika anwani yake kwenye kisanduku cha ukaguzi kilichopo juu ya Search Console. Kitakuambia kama umesajiliwa, na kama haukusajiliwa kitakupa sababu.