Somo: Kusanidi kerneli ya Linux na draiva zake bila kubaki na mashine isiyowaka

Wakuu, salamu. Swali limekuwa lile lile: "Nimekompaili kerneli mpya, mashine haiwaki, nifanyeje?" Nimelijibu kwa ujumbe binafsi mara nyingi mno. Leo naliandika lote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kama kerneli (kiini cha mfumo, kinachoongea na vifaa vya mashine) iliyokuja na distro yako (toleo la Linux unalotumia, kama Ubuntu au Fedora) inaendesha kila kitu unachotaka, iache. Gusa kerneli ikiwa una kifaa ambacho draiva yake (programu ya kukiendesha) haijawashwa, au unajaribu kiraka (marekebisho ya msimbo), au unataka kuielewa mashine yako kwa undani. Hiyo ya tatu ni sababu halali kabisa, na ndiyo iliyonileta mimi huku.

1. Kerneli ya zamani usiifute. Hakikisha inaonekana kwenye menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha.

2. Sakinisha gcc, make, flex, bison, bc, na vifurushi vya maendeleo vya ncurses, OpenSSL na libelf.

3. Pakua msimbo kutoka kernel.org. Chukua toleo la muda mrefu, kwa mfano 6.12. Ufungulie kwenye folda yako ya nyumbani ukiwa mtumiaji wa kawaida; root (msimamizi mkuu wa mfumo) tutamhitaji mwishoni tu. Acha nafasi ya kutosha, maana usanidi kamili wa distro wenye taarifa za debug (za kutafutia hitilafu) unaweza kula zaidi ya GB 20.

4. Vijue vifaa vyako kabla ya kufungua menyu yoyote:

`lspci -nnk`
`lsusb -t`
`findmnt /`

Amri ya kwanza inaorodhesha kila kifaa cha PCI, na chini yake mstari wa "Kernel driver in use"; ya pili inaorodhesha vya USB na draiva zake. Andika majina hayo kwenye karatasi: nvme au ahci kwa diski, iwlwifi au ath-kitu kwa waifai, i915 au amdgpu kwa picha. Amri ya tatu inakuonyesha mzizi wa mfumo umekaa kwenye patisheni ipi na kwa mfumo gani wa faili. Nasema karatasi kwa sababu mashine ikigoma, faili uliyohifadhi ndani yake hutaiona.

5. Anza na usanidi unaofanya kazi:

`cp /boot/config-$(uname -r) .config`
`make olddefconfig`

Kama faili hiyo haipo, jaribu `zcat /proc/config.gz > .config`. Na usiite `make mrproper` baada ya hapo, inafuta .config yako. Ya kusafisha ni `make clean`.

6. Ukitaka kupunguza, tumia `make localmodconfig`. Amri hii inatazama moduli (draiva zilizo nje ya kerneli yenyewe) zilizopakiwa *dakika hiyo*, na moduli nyingine zote inazizima. Kwa hiyo kwanza chomeka fleshi, kamera, printa na kebo ya mtandao, unganisha na waifai, halafu ndiyo uiite.

7. y au m, majibu unayoyaweka kwa kila draiva ndani ya `make menuconfig` (menyu ya usanidi). Hapa ndipo mashine nyingi zinapofia, na yangu ilifia hapa.

Draiva ukiiwekea y inakuwa ndani ya kerneli yenyewe. Ukiiwekea m inakuwa faili pembeni, chini ya /lib/modules. Sasa fikiria: /lib/modules iko ndani ya diski. Kama draiva ya kuisoma diski ni m, na huna initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa pamoja na kerneli, wenye draiva za kuanzia), kerneli inatakiwa ifungue diski ili ipate draiva ya kufungulia diski. Haiwezi.

Mimi nililijua hilo, na bado nikakwama. Mashine ilikuwa na diski ya SATA, na nilitaka kuiwasha bila initramfs. Nikaweka CONFIG_SATA_AHCI=y na CONFIG_EXT4_FS=y, nikaridhika. Nilipowasha, maandishi yalishuka, nikaona hadi jina la modeli ya diski yangu likipita kwenye skrini, kisha yote yakasimama: `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Taa ya Caps Lock ikawa inawaka na kuzima. Nilibadilisha mfumo wa faili, nikabadilisha vigezo vya GRUB, nikapoteza siku mbili. Diski inaonekana, sasa tatizo nini? Tatizo lilikuwa CONFIG_BLK_DEV_SD, iliyobaki m. AHCI inaongea na kidhibiti cha diski; anayeigeuza diski kuwa /dev/sda ni draiva ya sd. Bila yeye diski inatambuliwa lakini hakuna sda ya kufungua.

Kwa hiyo kagua mnyororo wote, pete kwa pete: kidhibiti (SATA_AHCI pamoja na BLK_DEV_SD, au BLK_DEV_NVME peke yake kwa diski za NVMe), jedwali la patisheni (EFI_PARTITION kwa GPT), na mfumo wa faili. Bila initramfs vyote viwe y.

ONYO: bila initramfs, kerneli haielewi `root=UUID=...`. Kusoma UUID (namba ya utambulisho) ya mfumo wa faili ni kazi ya initramfs. Kerneli yenyewe inaelewa `root=PARTUUID=...` au jina kama /dev/nvme0n1p2.

ONYO: zisome namba zilizo kwenye mabano. (0,0) maana yake kifaa cha mzizi hakikupatikana kabisa. Ukiona (8,2), sda2 imeonekana, ila kerneli haijui kusoma mfumo wake wa faili. Matatizo mawili tofauti, na tiba mbili tofauti.

Kama huna sababu ya kuikwepa initramfs, itumie.

8. Femwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe. Kadi nyingi za waifai na za picha zinahitaji faili kutoka /lib/firmware. Draiva ikiwa y, inaweza kuitafuta faili hiyo kabla mzizi haujapandishwa, ikaikosa. Kwenye dmesg (amri ya kusoma ujumbe wa kerneli) utaona `failed with error -2`, yaani faili haipo. Iache draiva hiyo iwe m, au taja faili kwenye CONFIG_EXTRA_FIRMWARE.

9. Weka jina lako kwenye CONFIG_LOCALVERSION ili usichanganye kerneli zako. Kisha:

`make -j$(nproc)`
`sudo make modules_install`
`sudo make install`

Kwenye distro nyingi amri ya mwisho inatengeneza initramfs na kusasisha GRUB. Usiamini tu, fanya `ls -l /boot` uone kwa macho.

---

MASWALI

mgeni_wa_root: Mkuu nimefuata kila kitu, haiwaki. Msaada wa haraka tafadhali.

Jibu: Haiwaki vipi? Nahitaji mstari wa mwisho kwenye skrini, neno kwa neno, au piga picha. Nahitaji na matokeo ya `lspci -nnk`. Bila hivyo nitakuwa nabahatisha, na mashine ya mtu sibahatishi.

kebo_ndefu: Kompaili inakata: `No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'`.

Jibu: Usanidi wako umetoka kwenye distro, na unataja cheti ambacho hakimo kwenye msimbo wa kernel.org. Kitoe:

`scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`
`scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""`

Kisha endelea ulipoishia. Asante kwa kuweka ujumbe kamili, imenichukua dakika moja.

paka_mweusi: Baada ya localmodconfig fleshi haisomeki.

Jibu: Hatua ya 6.

paka_mweusi: Nimeisoma, sikujua kama inahusu fleshi pia.

Jibu: Neno la kwanza kwenye orodha ni fleshi. Washa CONFIG_USB_STORAGE iwe m, kompaili tena. Vilivyokwisha kukompailiwa havirudiwi vyote, kwa hiyo haitachukua muda kama mara ya kwanza.

mzee_wa_distro: Masomo haya yanapotosha vijana. Kerneli ya distro inatosha.

Jibu: Aya ya pili ya somo inasema hivyo hivyo, mzee wangu. Wanaobaki ni wenye sababu, na hao wana haki ya kufanya jambo hili kwa usalama.

mwanafunzi_wa_moduli: Shikamoo mwalimu. Nimefungua .config kwa mkono nikaandika mstari mmoja =y. Baada ya `make olddefconfig` mstari umetoweka. Kwa nini haukukataa tu na kuniambia?

Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri. Kila chaguo lina masharti yake, na masharti yasipotimia chaguo hilo linahesabika kama halipo, hivyo mstari wako unadondoshwa kimya kimya. Ingia `make menuconfig`, bonyeza `/`, andika jina. Utaona "Depends on" na hali ya kila sharti. Timiza masharti kwanza, kuanzia la juu. Na mstari kama `# CONFIG_KITU is not set` usiufute ukidhani ni maelezo, huo unasomwa kama jibu la n (hapana). Ukitaka kuona ulichobadilisha, `scripts/diffconfig .config.old .config` inakuonyesha tofauti tu.

kebo_ndefu: Imekubali! Ila initrd yangu (faili ya initramfs) imekuwa kubwa ajabu, /boot imejaa.

Jibu: Moduli zimebeba taarifa za debug. Rudia na `sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install`, halafu tengeneza initramfs upya.

usiku_kucha: Nyongeza kwa wenye seva za mbali: tumia `grub-reboot` kuchagua kerneli mpya kwa mara moja tu (GRUB_DEFAULT iwe saved), na uongeze `panic=10` kwenye vigezo. Ikianguka inajiwasha yenyewe baada ya sekunde 10 na kurudi kwenye ya zamani.

Jibu: Hii ni dhahabu, wakuu, ichukueni. Na wenye Secure Boot (ulinzi wa mashine unaokagua saini wakati wa kuwaka) wakumbuke, kerneli usiyoitia saini itakataliwa. Sajili ufunguo wako kwa mokutil na uitie saini, au uzime Secure Boot.

mwanafunzi_wa_moduli: Swali la mwisho mwalimu. Kerneli inajuaje draiva ipi ni ya kifaa kipi? Sijawahi kuiambia.

Jibu: Kifaa chenyewe kinajitambulisha. Jaribu `cat /sys/bus/pci/devices/*/modalias`. Utaona mistari inayoanza na `pci:v00008086d...`, hiyo 8086 ni namba ya Intel, 1002 ni AMD, na baada ya d ni namba ya kifaa. Upande wa pili, kila moduli imeandika ndani yake namba inazozihudumia, na depmod inazikusanya kwenye faili ya modules.alias. Kifaa kinapoonekana, udev (huduma inayofuatilia vifaa) inachukua ule mstari, inautafuta humo, na kuita moduli husika. Chukua mstari mmoja wa modalias uupe `modprobe -R`, itakutajia moduli. Ukipata usiojibiwa, ubandike hapa tuutazame pamoja.

mwanafunzi_wa_moduli: Mmoja haujajibiwa. Unaanza na `pci:v000010EC`. Kwenye lspci kifaa hicho hakina kabisa mstari wa draiva.

Jibu: 10EC ni Realtek, bila shaka ni kadi ya mtandao au kisoma kadi. Weka na tarakimu zinazofuata d, nikuonyeshe chaguo lake kwenye menyu.