Jinsi ya Kuitambua Barua Pepe Inayowinda Akaunti Yako ya Michezo

Kijana wa Lubumbashi aliyeikuza akaunti yake ya Steam (duka la michezo ya kompyuta) au ya mchezo wa Free Fire kwa miaka mingi, akinunua mega za intaneti kidogo kidogo, ana mali ya kweli mikononi mwake. Matapeli wanalijua hilo, nao humwandikia barua pepe zinazojifanya zimetoka kwa kampuni ya mchezo. Humwambia ama ameshinda almasi, Robux au V-Bucks za bure, yaani sarafu za ndani ya michezo, ama akaunti yake itafungwa ndani ya saa 24. Furaha au hofu, lengo ni abonyeze kiungo kabla hajafikiri.

Zamani makosa ya Kifaransa yalitosha kutupa shaka. Leo akili bandia huandika Kifaransa safi, na nembo hunakiliwa kwa dakika moja, kwa hiyo sura ya barua isikushawishi.

Tazama kwanza anwani ya mtumaji. Simu nyingi huonyesha jina tu, basi liguse mpaka anwani kamili ifunguke, kisha uisome herufi kwa herufi, kwa maana r na n zikikaa pamoja hufanana na m. Anwani mbaya inatosha kuifuta barua. Anwani nzuri haitoshi kuiamini, kwa sababu nayo huweza kughushiwa.

Kiungo ndicho kinachostahili uangalifu mkubwa zaidi. Kibonyeze kwa muda mrefu bila kukifungua, ili uone kinakoelekea. Tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza unaofuata baada ya https:// na usome kutoka hapo kurudi kushoto, kwa kuwa mwenye tovuti hutambulishwa na maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju huo. Anwani ya steampowered.com/ ni ya Valve, kampuni yenye Steam, lakini steampowered.com.zawadi.example/ ni ya mwenye zawadi.example, hata kama imeanza vizuri. Alama ya kufuli nayo huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Haisemi kwamba unayewasiliana naye ni mwaminifu.

Kwenye kompyuta upo mtego mwingine: kidirisha cha kuingilia Steam ambacho kimechorwa ndani ya ukurasa, pamoja na anwani sahihi juu yake. Kivute kwa kipanya nje ya kivinjari. Kikikwama ukingoni, ni picha tu, na neno la siri utakaloandika humo litamfikia mwizi.

Kwa maoni yangu, njia bora ni kutotumia kiungo cha barua hata kidogo. Fungua programu ya mchezo wewe mwenyewe. Kama onyo ni la kweli, utalikuta humo. Msimbo wa Steam Guard, ule wa kuthibitisha kwamba ni wewe unayeingia, usimpe mtu yeyote, hata anayejiita mhudumu wa Valve.

Ukiwa tayari umenaswa, badilisha neno la siri mara moja, la barua pepe pia, uondoe vifaa vyote vilivyoingia, na kwenye Steam ufute ufunguo wa API (msimbo unaoruhusu programu nyingine kuitumia akaunti yako) ambao hukuutengeneza, maana kwa huo mwizi huendelea kuvuruga mabadilishano yako ya vitu vya mchezo. Kisha waandikie wahudumu wa kampuni. Wataomba uthibitisho wa malipo, na hapo wengi wetu hukwama, kwa kuwa tulilipa kwa kadi ya benki ya ndugu au kwa kadi ya zawadi tuliyokwisha kuitupa. Omba risiti siku ileile ya kununua, na kadi uliyokwaruza uihifadhi.