Intavyuu ya maendeleo ya biashara kwenye kampuni kubwa: jipange hivi

Hizi intavyuu za maendeleo ya biashara, yaani kazi ya kutafuta wateja wapya na kufunga mikataba, nishakaa pande zote mbili za meza, na wengi hawaangushwi na uzoefu mdogo, wanaangushwa na kuongea juu juu. "Niliongeza mauzo." Kutoka wapi mpaka wapi, na wewe hasa ulifanya nini?

Hatua ya 1: isome kampuni. Kama iko soko la hisa, ripoti yake ya mwaka iko wazi mtandaoni, angalia hela nyingi inatoka kitengo gani na wanataka kuingia soko gani.

Hatua ya 2: simu ya HR. Hii ni fupi tu, CV, mshahara, unaweza kuanza lini. Jibu, tulia.

Hatua ya 3: andaa dili mbili, moja uliyofunga na moja iliyokuponyoka, na hapa ndo uweke nguvu zako. Eleza mteja ulimpataje, alikataa nini mwanzoni, nani alikuwa anasaini, maana kwenye makampuni makubwa anayekupenda sio anayesaini, kuna idara ya manunuzi, kuna wanasheria, kuna idara ya fedha, na ukionyesha kwamba unawajua hao wote na ulipita kwao vipi, paneli inaanza kuandika pointi zako. Tenganisha "nilifanya" na "tulifanya", watakuuliza tu.

Hatua ya 4: hesabu, tena kwa sauti. Tuseme wamekupa tageti ya mikataba 12 kwa mwaka. Ukifunga 1 kwenye kila mapendekezo 4 (ofa unazowaandikia wateja), unahitaji mapendekezo 48. Kama nusu ya vikao vya kwanza na wateja ndo vinazaa pendekezo, hivyo ni vikao 96, yaani 8 kila mwezi. Alafu ongeza muda: mteja akichukua miezi 4 kusaini, basi uliyekutana naye Oktoba hayumo kwenye tageti ya mwaka unaofungwa Desemba, kwa hiyo vikao vingi lazima viwe mwanzoni mwa mwaka. Wengi wanaishia kwenye 48, hapo kwenye muda ndo unawapita.

Hatua ya 5: presentesheni. Mara nyingi wanataka mpango wa siku 90. Slaidi chache, taja aina ya wateja utakaoanza nao na kwa nini hao.

Hatua ya 6: na wewe uliza. Komisheni inahesabiwa mkataba ukisainiwa au hela ikiingia? Mteja akishasaini anabaki kwangu au anaenda timu nyingine? Hayo mawili uyajue kabla hujakubali ofa.