Kuchomelea Kiraka kwenye Bodi ya Gari Bila Kutoboa Bati

Masika yakianza Nairobi, gereji zetu za Kariobangi hupokea magari ambayo kapeti zimelowa na kunuka uvundo. Ukiinua kapeti unakuta kutu imekula sakafu. Mengi yametumika zile sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, au yamekaa Mombasa karibu na bahari.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kushika grainda, na pengine ameshachomelea mageti, lakini akigusa bodi ya gari bati linatoboka. Jifunze kwa kiraka cha ukubwa wa kiganja, mahali pasipobeba uzito: sakafuni, kwenye madigadi, chini ya mlango. Nguzo za milango, reli za chasisi na sehemu mshipi wa usalama unapofungwa, waachie wenye uzoefu. Chuma cha nguzo za magari ya siku hizi kimetiwa ugumu kiwandani, na moto wa welding unaudhoofisha.

Hatua ya 1: Mashine

Bati la bodi huwa na unene wa milimita 0.7 hadi 0.9 hivi. Ile rodi ya geji 12 unayochomelea mageti inataka moto mwingi kuliko bati hilo linavyoweza kuvumilia. Wapo mafundi wanaoiweza kwa rodi, na ninawavulia kofia, lakini anayeanza atafute mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe kupitia bunduki ya mkononi.

Weka waya wa milimita 0.6. Gesi nzuri ni mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi, mtiririko wa lita 8 hadi 12 kwa dakika. Kaboni dayoksaidi peke yake inafanya kazi, ila cheche ni nyingi. Ukichomelea uwanjani na upepo unavuma, gesi inapeperushwa na weldi inajaa vitundu, kwa hiyo kinga kwa turubai au mbao. Ukitumia gesi, bunduki hukaa kwenye chanya. Ule waya usiohitaji gesi kwa kawaida hutaka bunduki iwe kwenye hasi. Angalia hilo kabla ya kulaumu mashine.

Halafu kuna mambo ya stima. Gereji zinazotumia laini moja zinavutana: jirani akiwasha mashine yake kubwa, moto wako unashuka. Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba inaongezea shida hiyo. Kwa hiyo kila siku pima kwanza kwenye kipande cha bure chenye unene uleule. Anzia ampea 30 hadi 40, kisha sikiliza: waya na moto vikipatana, mlio ni kama bhajia zinapotiwa kwenye karai la mafuta. Waya ukigonga bati na kusukuma mkono wako nyuma, punguza kasi yake. Ukiyeyukia kwenye tipu, yaani ncha ya bunduki unakotokea waya, iongeze.

Hatua ya 2: Kuzuia moto na kulinda macho

Toa waya wa hasi wa betri. Ondoa viti, kapeti na sponji zote, kisha ulale chini ya gari uone kilicho upande wa pili: bomba la petroli, bomba la breki, nyaya. Kama tangi liko karibu, lishushwe. Kizima moto na ndoo ya maji viwe karibu, na ukimaliza usiondoke. Cheche iliyojificha kwenye sponji inaweza kuwaka baada ya muda mrefu.

Miwani ya jua haikingi macho na moto wa welding. Tumia ngao ya uso yenye kioo cheusi namba 10, glavu na shati la pamba la mikono mirefu.

Hatua ya 3: Kutafuta mwisho wa kutu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Tundu unaloliona ni dogo kuliko uozo wenyewe. Pitisha sumaku: ikiteleza bila kushika, chini yake kuna puti (ule udongo wa kujazia mabonde kabla ya rangi) ya fundi aliyekutangulia. Gonga kwa mpini wa bisbisi. Bati zima linalia, lililooza linajibu kwa sauti butu. Kwangua rangi kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kisha kata kwa diski nyembamba ya milimita 1 hadi ufike kwenye chuma kisichokuwa na vidoti vyeusi. Mteja akiona tundu limekuwa mara tatu ya lile alilokuletea atalalamika, kwa hiyo mwite aone kabla hujakata. Ukichomelea juu ya bati lililoliwa, hata ampea 30 zitalitoboa, na utadhani mkono wako ndio mbaya.

Kata umbo rahisi, na pembe uzizungushe. Pembe kali hukusanya joto na ndipo nyufa huanzia.

Hatua ya 4: Kukata kiraka

Chukua katoni, iweke juu ya tundu, chora ukingo, ukate, ujaribishe. Katoni ikikaa sawa ndipo uhamishie kwenye chuma. Chuma kizuri hupatikana kwa wanaochinja magari: kipande cha paa au cha boneti. Beba sumaku, maana boneti nyingine ni za alumini. Ukinunua dukani, shiti ya geji 20 ni kama milimita 0.9. Mabati ya nyumba ya geji 30 usiyalete hapa. Ni membamba mno na yana zinki. Moshi mweupe wa zinki ukiuvuta utapata homa na kutetemeka usiku. Hata bati la gari likiwa na zinki, isage ukingoni kwanza na ufanyie kazi penye hewa.

Kiraka kiingie ndani ya tundu, ukingo kwa ukingo, kikibakiza upenyo usiozidi milimita 1 kuzunguka. Kukibandika juu ni rahisi zaidi, lakini pale bati zinapolaliana maji hujificha na kutu hurudi. Penye upenyo mpana moto hauna pa kushika, unakula kingo zote mbili. Saga, jaribisha, saga tena. Mimi hutumia muda mwingi hapa kuliko kwenye kuchomelea kwenyewe.

Hatua ya 5: Nukta, si mstari

Funga klampu ya ethi (ule mkono wa kurudishia umeme kwenye mashine) kwenye chuma kitupu, karibu na kazi. Shika kiraka kwa sumaku, kisha piga nukta moja kila pembe. Bonyeza kitufe kwa muda usiofika sekunde, uachie. Nukta nzuri imelala, na upande wa nyuma unaona moto umepenya kidogo. Ikisimama kama kifungo, moto ulikuwa mdogo au uliachia mapema.

Sasa piga nyingine kila baada ya sentimita 3 au 4, ukivuka: moja kushoto, inayofuata kulia, kisha juu, kisha chini. Katikati ya mzunguko, vua glavu na uweke kiganja karibu na nukta. Usipoweza kukiacha hapo, ngoja. Kisha gawanya kila nafasi kwa nusu, na nusu tena, hadi nukta zigusane. Ukivuta mstari mmoja kama wa geti, bati litafanya mawimbi ambayo ni puti nene tu itakayoyaficha.

Likitoboka, usiongeze moto juu ya tundu. Acha lipoe, egemeza kipande cha shaba nyuma (bomba kuukuu la friji lililopondwa linatosha), kisha jaza kutoka ukingoni kwa nukta fupi. Shaba hupokea joto haraka, na chuma hakigandi juu yake.

Kabla ya kugusa gari la mtu, unganisha vipande viwili vya bure namna hii, ubane kimoja kwenye jiriwa, ukikunje kingine kwa nyundo. Bati lipasuke pembeni mwa weldi. Ikiachana weldi yenyewe, rudia mazoezi.

Hatua ya 6: Kusaga na kuziba

Saga vichwa vya nukta tu kwa diski ya msasa, kwa mguso mwepesi. Ukikandamiza utalikondesha bati la pembeni na kulipasha joto upya. Penye kibonde, weka chuma kizito nyuma na ugonge weldi taratibu. Weldi husinyaa ikipoa, na nyundo huinyoosha.

Paka praima ya zinki siku hiyohiyo, pande zote mbili, kisha gundi ya magari ya kuziba maungio. Sehemu yenye uwazi ndani, kama chini ya mlango, nyunyizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yake, na uzibue yale ya kutolea maji.

Kabla ya kurudisha kapeti, mwagia gari maji kwa mpira kuanzia juu. Yakionekana sakafuni, fuatilia raba za milango, ukingo wa kioo cha mbele na mifereji ya maji chini ya waipa. Mara nyingi maji yaliyoozesha sakafu yaliingilia huko, na yasipozibwa, kiraka chako kitalowa kila masika.