Kuajiri kwa kutumia AI: hatua ninazopita mimi hapa Dodoma

Habari zenu wadau wa HR. Mimi niko kiwanda cha kukamua alizeti huku Kizota, ofisi nzima ni mimi na dada mmoja wa mishahara basi, na msimu ukikaribia lazima tuwe na watu wa mizani, stoo, madereva na mafundi mitambo. Dodoma ya sasa hivi ukitangaza nafasi moja tu unajaziwa maombi, maana vyuo vya UDOM, CBE, Mipango, Hombolo vyote vinatoa wahitimu kwenye mkoa huuhuu. Tangu nianze kutumia ChatGPT, hii AI (akili mnemba) unayoiandikia nayo inakujibu, kazi ya wiki naimaliza siku mbili, ila kuna mahali nilikosea na mtu akaikosa kazi, ndo maana naandika hapa ili wewe usirudie.

Hatua ya 1: Kompyuta iache kwanza

Nenda kwa msimamizi wa hiyo kazi muulize huyu mtu akifika asubuhi anafanya nini mpaka jioni, andika hivohivo anavyosema. Ukiipa AI maneno kama "awe mchapakazi anayejituma" itakuletea tangazo tamu ambalo hata benki wangeweza kulibandika.

Hatua ya 2: Tangazo

Mimi naandika hivi: "Andika tangazo la kazi kwa Kiswahili rahisi, maneno yasizidi 150. Kazi ni karani wa mizani. Anapima magari ya wakulima, anaandika uzito, anatoa risiti. Usiongeze sifa yoyote ambayo sijaitaja." Hiyo sentensi ya mwisho usiisahau kabisa. Bila hiyo inachomeka digrii na uzoefu wa miaka mitatu, halafu kijana wa fomu foo anayeijua mizani vizuri anasoma anaona hapa sio pangu, anaacha kuomba.

Hatua ya 3: Sheria, hapa usiiamini

Niliiomba rasimu ya mkataba ikaniwekea likizo ya mwaka siku 21 za kazi. Hiyo ni ya Kenya jamani! Kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku 28 mfululizo, uzazi siku 84, na mama akijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni 100, masaa ya kawaida kwa wiki hayazidi 45. Majirani wanafanana na sisi kwa lugha kwahiyo inachanganya. Dawa yake pakua PDF ya sheria pamoja na marekebisho, yale ya 2025 yakiwemo, iwekee, iambie ijibu kutoka humo tu na itaje namba ya kifungu, halafu kile kifungu kifungue wewe mwenyewe ukisome.

Hatua ya 4: CV

Hapa ndo nilipokosea. Msimu wa kwanza nilizipakia CV zote kama zilivyo nikaiambia nichagulie kumi bora, ikanipa kumi, nikawaita. Baadae kaka mmoja mtu mzima akaja getini na faili lake kuuliza, kumbe amefanya mashine za alizeti miaka mingi huko Kibaigwa, ila barua yake aliiandika kwa mkono, Kiswahili kitupu, ikapigwa picha, na AI ilikua imemtupa chini kabisa. Wa juu wote walikua wenye Kiingereza kizuri. Nafasi ilishajaa na mpaka leo inaniuma. Na tatizo hili sio letu peke yetu, mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Amazon waliachana na mtambo wao wa kuchuja CV kwasababu ulijifunza kuwashusha wanawake, maana CV ulizofundishiwa nyingi zilikua za wanaume.

Kosa lingine, zile CV zilikua na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), simu, mpaka majina ya wadhamini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Kwahiyo sasa hivi nafuta jina, NIDA, simu, umri, dini na kata anayoishi, kila mtu nampa namba, M1, M2, M3. Barua za mkono nazichapa mwenyewe. Alafu siiambii ipange nani bora, naiambia: "Tengeneza jedwali. Kila mwombaji, wapi amewahi kupima, kutunza stoo au kuandika hesabu, nukuu maneno yake. Kama hakutaja andika haijatajwa." Jedwali linanisaidia kuona haraka, ila kila ombi nalisoma kwa macho yangu kabla sijamtoa mtu.

Utaona pia CV nyingi zinafanana sentensi kwa sentensi, vijana nao wanatumia AI. Naomba usiwaadhibu kwa hilo, mtoto wa Bahi asiye na mjomba ofisini wa kumwandikia barua nae amepata msaada.

Hatua ya 5: Intavyu

Maswali AI inatunga vizuri, chukua matano. Ila muda ulioupata kule juu uweke kwenye vitendo. Mimi nampeleka mtu mizani namwambia gari limeingia na kilo 9,840, limetoka tupu 4,310, andika risiti. Ni kilo 5,530. Namwangalia anavyoandika, na anavyoongea na mkulima aliyechoka na foleni.

Hatua ya 6: Majibu

Mkataba mpitie pamoja na mfanyakazi, AI inaweza kukupa maelezo mepesi ya kila kipengele ukayachapa pembeni. Waliokosa, SMS inaandika AI, mimi naisahihisha inatoka siku hiyohiyo. Ila waliofika mpaka intavyu nawapigia mwenyewe, namwambia kila mmoja alipopungukiwa. Yule kaka wa Kibaigwa nilimtunzia namba, msimu uliofuata nilimpigia wa kwanza, akaniambia ameshapata kazi Singida.