Usisubiri ukoka ukauke: kukagua wadudu wa nyasi mvua zikianza Mtwara

Kama unatunza nyasi huku kwetu, iwe kiwanja cha mpira au bustani ya loji kule Shangani au Mikindani, mvua za mwezi wa 12 zikishaanza kaa macho. Mimi msimu mmoja niliona ukoka unageuka njano pale golini nikajua ni kiu tu, nikamwagilia wiki nzima, siku nauvuta kidogo unaachia wote kama mkeka, kumbe mizizi imeshaliwa. Tangu hapo sipulizi dawa kabla sijamuona mdudu mwenyewe kwa macho.

Anza na taa za nje usiku. Nondo wakijaa ukutani siku mbili tatu mfululizo ujue mayai yanatagwa, na viwavijeshi hawachukui hata wiki kutoka. Asubuhi angalia ndege, yangeyange wakiganda sehemu moja wanadonoa tu hawaondoki, hapo kuna kitu.

Sasa kipimo chenyewe, hiki hata watu wa viwanja vya gofu wanakitumia na ni bei rahisi sana. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo vijiko 2 vya chakula, changanya na maji lita 4, mwagia eneo la mita 1 kwa mita 1, pembeni ya doa yani pale kijani kinapokutana na njano maana katikati washamaliza kula wamehama, halafu subiri dakika 10 bila kuondoka. Viwavi na chenene watapanda juu wenyewe. Wakizidi 10 hivi chukua hatua, wakiwa wawili watatu waache ndege wale.

Funza weupe wale wanaojikunja, wanaokula mizizi chini ya udongo, hawatoki kwa sabuni, hao uchimbe. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, kina kama 10, pukuchua udongo uhesabu. Watatu nyasi yenye afya inavumilia, wakifika sita saba hao ni tatizo.

Dawa sasa. Jamani salfa iliyobaki kwenye mikorosho msiimwage kwenye nyasi, ile ni ya ubwiri unga ambao ni ukungu, kiwavi hafi kwa salfa. Viwavi wakiwa bado wadogo mbegu za mwarobaini zinasaidia, twanga, loweka usiku kucha, chuja, pulizia jioni kwa sababu jua linaiharibu na wenyewe wanakula sana usiku. Kata nyasi kabla ya kupulizia, usimwagilie mpaka kesho yake. Wakishafika sentimita 3 au 4 wako karibu kuingia ardhini kujibadilisha, hapo unapoteza hela, bora umwagilie tu ukoka uchipue maana mizizi iko salama.

Kwa funza ni kinyume, dawa lazima ishuke kwenye mizizi kwa hiyo ukishapulizia mwagilia vizuri, na soma kibandiko kama inaruhusiwa kwenye nyasi maana watoto wanacheza pale, wasiingie mpaka pakauke. Mdudu usiyemjua mtie kwenye kopo umpeleke kwa wataalamu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, wamwangalie, usikisie.

Baada ya siku 3 rudia sabuni palepale ulipopima mwanzo. Na andika tarehe kwenye daftari, msimu ujao utajua uanze kuangalia taa lini.