Jinsi ya Kuomba Leseni ya Kuwinda Koyote Mashambani Texas

Koyote, mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na mbweha wa kwetu lakini ana mwili mkubwa zaidi, hana msimu maalumu wa kuwindwa katika jimbo la Texas. Kwenye ardhi ya mtu binafsi anaweza kuwindwa mwaka mzima, mchana au usiku, na hakuna ukomo wa idadi. Urahisi huo huwapotosha wengi, kwa sababu kukosekana kwa msimu hakuondoi wajibu wa kuwa na leseni, hata kwa mtu anayewinda kwenye shamba lake mwenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Texas, wakiwemo Wakongomani wa Houston, Dallas na Abilene, ambao wameanza kufuga mbuzi au kukodi ardhi ya kuwindia.

Kabla ya kulipa ada yoyote, tambua kwanza uko katika hali ipi. Sheria inamruhusu mtu kumuua koyote bila leseni ikiwa mnyama huyo anashambulia mifugo, wanyama wa nyumbani au kuku, yuko karibu kuwashambulia, au amewashambulia hivi karibuni. Msamaha huo una mipaka, wala haumpi mfugaji aliyepoteza mwanambuzi mwezi wa tatu ruhusa ya kuzunguka na bunduki hadi mwezi wa tisa. Ukitaka kuutegemea, piga picha za mzoga mapema, uandike tarehe na mahali ulipoukuta, kisha uchunguze majeraha kabla ndege hawajayaharibu. Kwa kawaida koyote humuua mbuzi au kondoo kwa kumng'ata kooni, ilhali mbwa wa mitaani mara nyingi hurarua miguu ya nyuma na ubavu, na huweza kujeruhi wanyama wengi bila kumla hata mmoja. Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria, kwa kuwa mbwa huenda ana mwenyewe, na shauri lake hufuata sheria nyingine kabisa. Asiyekuwa na ushahidi wa shambulio, au anayetaka kupunguza koyote kabla mbuzi hawajaanza kuzaa, aombe leseni.

Kinachofuata ni ridhaa ya mwenye ardhi. Sehemu kubwa mno ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, na kuwinda humo bila ridhaa ni kosa la jinai. Ridhaa ya mdomo kati ya majirani huweza kukubalika, lakini ni busara kuwa na karatasi iliyosainiwa inayotaja mipaka ya shamba, tarehe na majina ya watakaoingia. Mwenye ardhi naye, ikiwa anapokea malipo kutoka kwa wawindaji, anapaswa kuwa na leseni yake ya kukodisha ardhi kwa uwindaji. Mwulize kuhusu leseni hiyo kabla ya kumpa fedha.

Hatua inayochukua muda ni mafunzo ya uwindaji. Kila aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye anapaswa kuwa na cheti cha mafunzo hayo. Mwenye umri wa miaka 17 na zaidi anaweza kuyamaliza yote kwa intaneti, na kwa kuwa lugha ya mafunzo ni nzito kwa anayejifunza Kiingereza, ni afadhali kuyasoma pamoja na mtu anayekifahamu vizuri kuliko kubahatisha majibu. Ambaye hajapata nafasi anaweza kulipa dola 10 ili kuahirisha mafunzo. Nafuu hiyo hutolewa mara moja tu maishani, na muda wote wa kuahirisha atawinda akiwa ameandamana na mtu mwenye leseni aliyetimiza miaka 17 na aliyehitimu mafunzo au aliyesamehewa kwa umri wake.

Leseni yenyewe hutolewa na Idara ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas, inayojulikana kwa herufi TPWD, kupitia tovuti yake, kwa simu, au katika maduka ya vifaa vya uwindaji na maduka makubwa. Utaulizwa kitambulisho, anwani ya makazi na namba ya hifadhi ya jamii, ileile inayoombwa kazini. Leseni ya mkazi ni dola 25, na anayenunua kwa intaneti huongezewa ada ya huduma ya dola 5. Mkazi ni yule aliyeishi Texas mfululizo kwa zaidi ya miezi 6 kabla ya kuomba. Aliyehamia juzi kutoka jimbo lingine, hata kama tayari ana leseni ya udereva ya Texas, bado si mkazi kwa maana hii. Hifadhi bili za umeme na stakabadhi za mshahara za miezi hiyo, kwani ndizo zinazothibitisha ukazi. Asiye mkazi anaweza kuchukua leseni maalumu ya siku 5 mfululizo kwa dola 48, ambayo inamhusu koyote.

Suala la silaha linahitaji uangalifu zaidi kwa mhamiaji, na leseni ya uwindaji peke yake haimhalalishii mtu bunduki. Sheria ya shirikisho inamkataza asiye na hati halali za kuishi nchini kumiliki au kushika bunduki. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, naye amekatazwa, ila leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo ni mojawapo ya mambo yanayomwondolea katazo hilo. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mkazi wa kudumu hawaguswi na katazo hili, lakini wanaweza kuzuiwa kwa sababu nyingine, kama hukumu ya ukatili wa nyumbani. Mwenye shaka amwone mwanasheria wa uhamiaji, si muuza bunduki.

Ukishapata leseni, usifyatue risasi itakayovuka mpaka wa shamba, wala usiwinde kutoka barabara ya umma. Kaunti inaweza pia kukataza kufyatua bunduki kwenye viwanja vya ekari 10 au pungufu vilivyogawanywa kwa makazi, kwa hiyo mwenye kiwanja kidogo aulize kwanza. Sumu kwenye mzoga, njia inayojulikana sana na wafugaji wa Afrika Mashariki, isitumike kabisa. Vilevile, ni marufuku kumsafirisha koyote aliye hai, agizo lililotolewa mwaka 1995 kufuatia mlipuko wa kichaa cha mbwa kusini mwa jimbo.

Asiyetaka bunduki anaweza kwenda ofisi ya kaunti ya Texas A&M AgriLife Extension, huduma ya chuo kikuu inayowashauri wakulima na wafugaji, na kuuliza kama kaunti yake inahudumiwa na mtegaji wa serikali. Huduma ikiwepo, atasaini fomu ya kumruhusu mtegaji kuingia shambani.

Leseni zote za uwindaji za mwaka huisha tarehe 31 Agosti bila kujali zilinunuliwa lini, na mpya huanza kuuzwa katikati ya mwezi huohuo. Anayenunua mwezi wa saba analipa ada kamili kwa wiki chache tu.